Piza ya kirikuu: pweza, mbuzi na tanuri la kubeba mgongoni

Ukisema "piza" hapa Unguja, watu wanaona chuma cha duara, samli inalia, na kijana anakunja kingo nne za unga juu ya nyama na yai. Piza ya Forodhani, ile bustani ya mjini panapouzwa vyakula usiku, imeshajitwalia jina. Mtoto wa Makunduchi anayepelekwa mjini siku ya Sikukuu, hiyo ndiyo piza anayoijua. Kwa hiyo wewe mwenzangu unayetaka kutia tanuri kwenye kirikuu, kigari kidogo cha mzigo, na kuuza pwani, lijue hilo mapema: mwenyeji atakuja akitaka ya kukunja, mgeni atakuja akitaka ya Kitaliana, na wote wawili watakuja saa moja ya usiku wakiwa na njaa. Beba vyote viwili, chuma mbele na tanuri nyuma. Chuma kitakulipia mafuta ya gari miezi ya masika, hoteli zinapofunga. Tanuri litakupa jina.

Nayaeleza haya kwa macho ya mwanamke aliyelelewa kwenye jiko la mkate wa ufuta, ambaye sasa anauza Jambiani. Wa Nungwi watakuwa na yao.

Gari na moto

Kirikuu nyingi za Kijapani zimeandikiwa mzigo wa kilo 350, basi. Tanuri la matofali kama la hotelini litaimaliza hesabu hiyo kabla hujapakia unga, maji, gesi na sanduku la barafu. Maji peke yake, lita 40, ni kilo 40, na bila maji ya kutosha ya kunawa na kuosha usitoke nyumbani.

Mwambie fundi wa kuchomelea akukatie pipa la lita 200 kwa urefu, nusu moja iwe paa la tanuri. Juu yake avishe bati la pili, na baina ya hayo mawili mjaze majivu makavu yaliyochungwa. Majivu hushika joto ndani, na mtoto akiegemea nje haungui vibaya. Sakafu peke yake ndiyo iwe ya matofali ya kuhimili moto, membamba, yasiyozidi sentimita tatu. Mlango uwe wa bati wenye mkono wa mti.

Kuna watakaokushauri utumie mawe ya pwani kwa kuwa ni ya bure. Usithubutu. Mawe yetu ndiyo hayohayo yanayochomwa kupata chokaa, na kabla hayajafika huko, unyevu uliomo ndani unayapasua. Kipande cha jiwe kikiruka kwenye piza, jino la mtu litakuwa juu yako.

Kuni: mvinje mkavu, na vifuu vya nazi. Kifuu kinashika haraka na kina moto mkali, ndicho ninachokitupia pembeni piza ikiwa ndani ili ndimi za moto ziupitie uso wake. Makumbi yana moshi mwingi, yaache kwa kuwashia tu. Mikoko usinunue hata ukiletewa nusu bei, ukataji wake umekatazwa na bwana misitu anaijua harufu yake. Na mbao za ngarawa kuukuu zenye rangi na misumari usizitie motoni kwenye chakula cha watu.

Kujua kama sakafu imeiva, nyunyizia unga kidogo. Ukigeuka kahawia ukihesabu taratibu mpaka tano, ingiza. Ukiwa mweusi papo hapo, funga kitambaa kibichi kwenye mti, pitisha juu ya matofali, ungoje. Ukibaki mweupe, ongeza kuni na uache kuzungumza na wateja.

Asiye na tanuri bado asikae bure. Nunua sufuria pana lenye mfuniko mzito, weka piza ndani juu ya moto mdogo, kisha palia makaa juu ya mfuniko. Moto juu, moto chini, namna ileile bibi zetu wanavyooka keki na mkate wa kumimina. Piza itachukua dakika kumi na kidogo badala ya mbili au tatu na haitakuwa na madoa meusi ya Kitaliana, lakini italika, na utajua kama watu wa mtaa wako wanaitaka kabla hujamlipa fundi.

Unga

Kwa kilo moja ya unga wa ngano: maji mililita 620, chumvi gramu 20, hamira kavu gramu 2. Si zaidi. Najua kijiko kizima cha hamira ndiyo desturi, lakini desturi hiyo ni ya mtu anayeoka baada ya saa moja. Sisi tunakanda asubuhi tunauza usiku, na joto letu halimngoji mtu. Tumia mizani ya dukani. Kikombe cha unga uliogandamana na kikombe cha unga uliochungwa havina uzito mmoja.

Maji yawe ya baridi, yenye vipande vya barafu. Koroga hamira kwenye maji, mimina kwenye unga, changanya mpaka pasiwe na pakavu, halafu uache nusu saa kabla ya kutia chumvi na kukanda. Nusu saa hiyo unga unajilainisha wenyewe, nawe unasalimika mabega. Kanda mpaka ukivuta kipande kati ya vidole kinakuwa chembamba hata mwanga unapita bila ya kukatika. Funika, uweke pahala penye kivuli saa mbili, kisha kata madonge saba ya gramu 230 hivi. Kila donge livingirishe kwa kulivutia chini mpaka ngozi yake ya juu ikaze. Panga kwenye trei uliyoipaka mafuta, funika, tia kwenye sanduku la barafu. Jioni toa machache machache, saa moja kabla ya kuyatumia.

Wako wanaokandia maji ya dafu. Sukari ya dafu huiharakisha hamira na hubabua ngozi ya piza mapema kwenye tanuri kali. Kwa sufuria la kupalia makaa, ambako shida ni piza kutoka nyeupe, robo ya maji ikiwa ya dafu inasaidia. Kwa tanuri sioni faida yake, dafu nalinywa.

Kutandaza hakutaki kibao cha chapati. Ukisukuma kwa mti unaua mapovu yote uliyoyangoja kutwa. Bonyeza kwa ncha za vidole kutoka katikati kwenda nje, acha ukingo wa upana wa kidole bila kuugusa, kisha pitisha juu ya ngumi zako mbili uuache ujivute kwa uzito wake.

Unga wa ya kukunja ni mwengine: hauna hamira, ni wa chapati, laini zaidi, na madonge yake madogo yanalala ndani ya mafuta. Hutandazwa kwa kupigwapigwa juu ya meza iliyopakwa mafuta mpaka uone meza chini yake, na katikati unaweka kipande kidogo cha pili cha unga ili wa chini usije ukapasuka kwa uzito. Nyama ya kusaga iliyokwisha kuiva, vitunguu, pilipili boga, mayonezi, chizi, yai moja, changanya palepale juu ya unga, kunja, kaanga kwa samli. Zaidi ya hapo nenda Forodhani ukasimame uangalie mikono, utajifunza bure. Mayonezi tu ikae kwenye barafu kila saa. Chupa inayoota jua juu ya meza ni ya kulaza watu spitali.

Pweza

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo penye pesa.

Pweza hapatikani siku zote. Anafuata bamvua. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, maji ya Jambiani yanatoka mbali mno, na saa nne saa tano za asubuhi utawaona kinamama wako juu ya mwamba na fimbo zao wakichokoa mashimo. Siku hizo pweza yupo na bei inasemeka. Maji mafu yakija, yale yasiyotoka mbali, kitoweo ni kidogo na bei inapanda. Basi fungua kalenda ya mwezi kabla hujaandika ubao wako. Nunua siku za bamvua, gandisha, uuze siku za maji mafu. Kugandisha hakumharibu pweza, kunamlainisha, maana barafu inakata zile nyuzi zake.

Aliye chini ya nusu kilo mimi sinunui, hata akiletwa na jirani. Pweza hukua haraka akiachwa, na wenzetu wa Kisiwa Panza kule Pemba, na Kizimkazi huku kwetu, wamefika hadi ya kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi ili wakiufungua wapate wakubwa. Ukinunua vitoto unawavunja moyo wanaongoja.

Namna ya kumpika. Pindua kichwa nje ndani, toa matumbo na kifuko cha wino, kata macho, sukuma mdomo wake mgumu utoke katikati ya mikono. Kama hajagandishwa, mpige kwa mti juu ya jiwe safi mpaka mikono ilegee. Muoshe kwa maji mengi, pitisha vidole kwenye kila mkono, kwani mchanga hukaa ndani ya vile vikombe na ukibakia, mteja atausikia kwenye meno. Tia kwenye sufuria bila ya tone la maji wala chembe ya chumvi. Thomu (kitunguu saumu) iliyopondwa, kipande cha tangawizi, nusu ndimu. Funika, moto wa wastani. Baada ya dakika chache fungua utazame: amejikunja, amegeuka rangi ya zambarau, na anaogelea kwenye maji yake mwenyewe. Punguza moto. Wa kilo moja anataka kiasi cha dakika arubaini na tano mpaka saa. Choma kwa njiti pale mkono ulipoungana na kichwa, ndipo panene. Njiti ikiingia bila ya kusukuma, ameiva. Muache apoe ndani ya maji yake, ngozi isichunike.

Atakuwa amepungua nusu au zaidi. Weka hilo kwenye bei, maana kilo uliyoinunua siyo kilo unayoiuza.

Maji yale usiyamwage. Chukua nazi mbili uzikune, kamua tui zito kwa maji ya moto kidogo, nusu kikombe yanatosha. Kaanga vitunguu na thomu, tungule (nyanya) tatu zilizokatwa ndogo ndogo, kijiko cha chai cha bizari ya manjano, pilipili mbuzi nzima usiyoipasua. Mimina maji ya pweza, yaache yakauke mpaka yabakie kama robo, kisha tia tui. Kuanzia hapo usiache kukoroga wala usilichemshe kwa fujo, litakatika. Linatakiwa liwe zito hata ukiburuza mwiko chini ya sufuria njia yake inabaki kidogo kabla ya kujifunga. Epua, ndipo utie ndimu na uonje chumvi. Pweza mwenyewe ni wa chumvi tangu baharini, kwa hiyo onja kwanza.

Kwenye piza tui hili linachukua pahala pa sosi ya tungule. Paka jembamba, vijiko vitatu tu, likizidi unga unalowa katikati. Kata pweza vipande vya mshazari unene wa kidole kidogo, vigaragaze kwenye tui ili visikauke motoni, panga. Pete chache za vitunguu vyekundu. Chizi kidogo sana. Ikitoka tanurini ndipo unyunyize embe bichi lililokunwa na pilipili. Embe likiingia tanurini linapoteza ukali wake na kazi yote ya kukuna inakwenda bure.

Nyama, na swali la nyama ya mwitu

Wageni wanaotoka Serengeti wanafika kwetu na hamu zao. Wanauliza kama kuna piza ya swala. Na vijana wa kijijini wakisikia mgeni ameuliza, haichukui muda:

"Shikamoo bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu."

"Nina paja la paa hapa kwenye kiroba, la leo."

"Nani kachinja, na kibali kiko wapi?"

Anacheka, anakwenda zake.

Sikufanyii mzaha. Paa nunga, yule paa mdogo wa misitu ya Jozani na Kiwengwa, duniani amebakia hapa na misitu michache ya pwani ya Kenya tu. Ana ulinzi wa sheria, na Sheria ya Misitu namba 10 ya 1996 si ya kupamba kabati. Kima punju wa Jozani ndiyo usiseme. Bara wana utaratibu wao, tangu 2020 kuna kanuni za mabucha ya nyamapori, mtu ananunua kwa risiti halali. Lakini bucha la Dodoma haliko Jambiani. Nyama inayovuka bahari inataka vibali vyake, na risiti peke yake haikupitishi bandarini Malindi, hapa mjini Unguja. Juu ya hayo, wateja wako wengi ni Waislamu, na swali lao la kwanza ni kuchinja. Usiandike kwenye ubao nyama ambayo huwezi kumwambia mtu imetoka kwa nani.

Mgeni anayetaka ladha nzito mpe mbuzi. Nunua paja la mbuzi wa kienyeji, aliyekula majani ya porini, na utaona ana ladha ambayo ng'ombe hana. Kata vipande vikubwa, paka thomu, tangawizi, pilipili manga, chumvi, na papai bichi lililokunwa, kijiko kimoja kikubwa kwa kilo. Nusu saa inatosha. Papai likikaa usiku kucha nyama inakuwa uji. Chemsha kwa moto mdogo na kijiti cha mdalasini na karafuu mbili. Mbili, hata kama mna mikarafuu uani: karafuu ikizidi, piza inanuka dawa ya meno. Nyama ikiachana na mfupa ichambue kwa mikono, irudishe kwenye mchuzi wake uliokauka. Juu ya piza ya mbuzi nataka sosi ya tungule na thomu, vitunguu, na ukwaju uliolainishwa, matone tu, baada ya kutoka motoni.

Piza inakaa motoni dakika mbili tatu. Hakuna nyama mbichi inayoiva kwa muda huo, kwa hiyo kila kitu kinapanda juu ya unga kikiwa kimeshaiva.

Chizi

Mozarela inakuja kwa boti na bei yake inalijua hilo. Mimi nachanganya. Lita moja ya maziwa ya ng'ombe ya asubuhi, ipashe mpaka inakaribia kuchemka, tia vijiko vitatu vya maji ya ndimu, koroga mara moja, ungoje igande. Chuja kwa kitambaa, suuza kwa maji baridi ladha ya ndimu iondoke, kamua, tia chumvi. Chizi hii haiyeyuki hata uiweke motoni kutwa, ndivyo ilivyo kila chizi ya kugandishwa kwa ukali, kwa hiyo usimdanganye mtu kwamba itavutika. Inabaki vipande vyeupe vilaini vyenye kingo za kahawia. Theluthi mbili yake, theluthi moja mozarela, na mtoto wa mgeni atapata nyuzi zake za kupigia picha.

Pahala, karatasi, na Ramadhani

Anza kwa sheha, kiongozi wa serikali wa shehia yako. Kabla ya halmashauri, kabla ya leseni, nenda kwa sheha umweleze utasimama wapi na saa ngapi, kwa sababu malalamiko yakitokea yatafika kwake kwanza. Kisha leseni ya biashara ya halmashauri, kipimo cha afya cha kila anayegusa chakula, ZFDA (Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar) kwa mambo ya chakula na ZRA (Mamlaka ya Mapato Zanzibar) kwa kodi. Usisimame karibu na msikiti wakati wa sala na muziki wako.

Upepo wa kusi unatupiga moja kwa moja kutoka baharini. Egesha gari ili mdomo wa tanuri utazame bara, la sivyo upepo utaingiza majivu ndani ya piza na moto utakula kuni mara mbili.

Mifuko ya plastiki huku ilipigwa marufuku kabla hata ya Bara, basi funga kwa karatasi, na chini yake jani la mgomba ulilolipitisha motoni likalainika. Piza kwenye jani haitoi jasho kama kwenye boksi lililofungwa.

Bei mbili kwa kitu kimoja zinaleta maneno. Afadhali saizi mbili. Donge la gramu 230 ni la meza ya wageni, donge la 120 ni la mwanafunzi wa skuli na la mvuvi anayepita, na ubao mmoja unaonesha yote.

Ramadhani mchana huwashi hata njiti. Kanda unga baada ya adhuhuri kwa hamira gramu 3, toka baada ya tarawehe, na uwe na unga mara mbili ya siku za kawaida, watu wanakula mpaka karibu na daku. Mwezi huo ya kukunja inauzwa kuliko yote, na pweza anahamia humo: umkate vipande vidogo vidogo, yai, na pilipili ya kusaga pembeni.

Madonge yaliyobakia usiku usiyatupe. Yakusanye yote, tia tui na ufuta mwingi, yaache yaumuke mpaka alfajiri. Asubuhi tandaza kwenye chuma, upande wa chini ukishika, geuza chuma kitazame makaa mpaka ufuta ubadilike rangi. Watoto wa skuli wanapita saa moja kasorobo.